Majira ya Machipuko Hyde Park: Jinsi ya Kufaidi Sanaa za Chuo Kikuu cha Chicago bila Kutoboa Mfuko

Viwanja vya Chuo Kikuu cha Chicago havina geti. Barabara za mtaa wa Hyde Park zinapita katikati yake, watu wanakatiza na mbwa wao, watoto wanaendesha baiskeli kwenye nyasi. Hata hivyo wapo watu walioishi Chicago miaka mingi, na wapo wanafunzi wageni waliomaliza shahada na kuondoka, ambao hawakuwahi kukanyaga hata ukumbi mmoja wa sanaa pale, kwa kudhani kwamba mambo yale yana wenyewe. Hayana wenyewe. Makumbusho mengi hayatozi kiingilio, matamasha mengi ya muziki ni ya bure, na yale yenye tiketi mara nyingi yana bei ya mwanafunzi. Jambo linalowashinda wengi ni wakati: majira ya machipuko pale ni mafupi, na mambo mazuri hurundikana mwishoni. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyapata kabla hayajampita, awe mwanafunzi, mkazi wa jiji au mgeni aliyekuja kumtembelea ndugu.

Hatua ya kwanza: hesabu kwa wiki za muhula, usihesabu kwa miezi

Chuo hiki kinaugawa mwaka katika mihula mifupi. Muhula wa machipuko huanza katika nusu ya pili ya Machi na kumalizika mwishoni mwa Mei au siku za mwanzo za Juni, na ndani yake kuna takriban wiki 9 tu za masomo. Ukilishika hilo, ratiba nzima ya sanaa itakueleweka.

Wiki ya kwanza na ya pili huwa ni za kujipanga: wanafunzi wanafanya majaribio ya kuchagua waigizaji, kwaya na okestra zinaanza mazoezi. Huo ndio wakati wa kwenda makumbusho, maana hayategemei mazoezi ya mtu. Kuanzia wiki ya nne mambo yanachangamka. Wiki ya saba, ya nane na ya tisa ndizo za mavuno: michezo ya kuigiza, maonyesho ya ngoma, matamasha ya kufunga muhula, kazi za wanafunzi wanaohitimu sanaa, vyote kwa pamoja. Ijumaa moja ya katikati ya Mei unaweza kukuta mambo manne yanaanza saa ile ile ya jioni, kila moja ungependa kuliona.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwishoni mwa Machi, kaa chini na kalenda mbili: ya masomo ya chuo, na ya matukio ya sanaa ambayo chuo huutolea umma kwa jina la UChicago Arts. Weka alama kwenye wikiendi tatu za mwisho za masomo, uziache wazi. Kisha tafuta matukio ya kukaa kwenye wikiendi za kabla yake. Usingoje kualikwa, mabango ya wanafunzi hubandikwa siku chache tu kabla ya onyesho, na mtu asiyepita pale kila siku hayaoni.

Hatua ya pili: kufika, na nguo za kuvaa

Hyde Park iko kusini mwa katikati ya jiji, kama kilomita 11 hivi. Njia nyepesi ni treni ya Metra Electric kutoka kituo cha Millennium au Van Buren. Unashuka kituo cha 55th-56th-57th ukienda upande wa maduka na makumbusho ya kaskazini, au 59th ukienda upande wa kusini wa kampasi. Basi namba 6 nalo linatoka katikati ya jiji kupitia barabara ya kando ya ziwa. Aliye kwenye treni za mjini za CTA, njia nyekundu au ya kijani, anashuka Garfield na kupanda basi namba 55 kuelekea mashariki. Kwa mgeni mimi nashauri Metra mchana na kuangalia mapema saa ya treni ya kurudi usiku, maana baada ya saa za kazi treni hupishana kwa muda mrefu na kungoja jukwaani kwenye upepo si jambo la kulitamani.

Kuhusu upepo wenyewe: usidanganywe na jua la asubuhi. Ziwa Michigan bado ni la baridi kali mwezi wa Aprili, na upepo ukigeuka kutoka ziwani, joto linashuka kwa nyuzi nyingi ndani ya muda mfupi. Theluji ya Aprili si kioja pale. Chukua koti hata kama waliokutangulia wanatembea kwa fulana, na viatu vya kutembelea, kwa sababu siku nzuri ya kampasi ni siku ya miguu.

Hatua ya tatu: tumia siku moja ya mwanzo wa muhula kwa makumbusho

Chagua siku isiyokuwa Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu milango mingi imefungwa. Anza Smart Museum of Art, barabara ya Greenwood karibu na ya 55. Jumba hili lilifunguliwa mwaka 1974, kiingilio ni bure kwa kila mtu, na lina kazi zinazoanzia sanaa ya kale ya China hadi wasanii walio hai leo. Ukubwa wake ndio fadhila yake: unaweza kulimaliza lote kwa saa moja na nusu bila miguu kulalamika. Kabla ya kwenda hakikisha hawako katikati ya kubadilisha maonyesho, kwa sababu siku hizo baadhi ya kumbi hufungwa.

Kutoka hapo tembea kusini kama dakika 10 hadi barabara ya 58, kwenye makumbusho ya taasisi inayochunguza tamaduni za kale, inayoitwa kwa kifupi ISAC. Wakazi wa zamani bado wanaliita Oriental Institute, jina lililobadilishwa mwaka 2023. Ilianzishwa mwaka 1919 na James Henry Breasted, mtaalamu wa Misri ya kale, na vitu vilivyomo vingi vilichimbwa na watafiti wa taasisi yenyewe. Wanaomba mchango mlangoni, hawakulazimishi.

Hapa usiwe na haraka. Ingia hadi kwenye ukumbi wa Ashuru, ambako ukuta mzima umeshikwa na fahali mwenye mabawa na kichwa cha mtu, mwenye ndevu zilizosokotwa kwa mistari, aliyewahi kulinda kasri la mfalme Sargon wa Pili huko Khorsabad, Iraki ya leo. Ana urefu wa karibu mita 5 na uzito wa takriban tani 40. Simama mbele yake uangalie miguu: miwili, imetulia, kama mlinzi aliyegoma kusogea. Halafu zunguka taratibu hadi ubavuni. Sasa anatembea, na miguu ni minne. Ukihesabu yote kwa jumla utapata mitano, kwa sababu mchongaji alitaka mnyama wake awe mzima kwa kila anayemtazama, aliye mbele na aliye kando. Karibu miaka 2,700 imepita na ujanja huo bado unamkamata mtu. Mpeleke mtoto, mwache ahesabu mwenyewe.

Wengi wakishamwona huyo na sanamu ya Tutankhamun ya zaidi ya mita 5 hutoka. Usitoke. Pita kwenye chumba cha Nubia, yaani kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Vyungu vyake vyembamba vilivyochorwa ni kazi ya Afrika ambayo katika majumba mengi ya Magharibi hupewa kona tu, tena kama nyongeza ya Misri. Pale ina chumba chake. Kwa msomaji wa kwetu, naona ni haki aanzie huko kabisa.

Ukibakiwa na nguvu, panda ghorofa ya nne ya Cobb Hall, katikati ya viwanja vikuu, kwenye Renaissance Society. Jina lisikupotoshe, ni ukumbi wa sanaa ya sasa, ulianzishwa mwaka 1915, hauhifadhi mkusanyo wowote wa kudumu na hautozi senti. Siku nyingine utakuta kitu kitakachokugusa, siku nyingine utakuta chumba karibu kitupu chenye sauti inayotoka ukutani. Mpe msanii dakika 15, soma karatasi waliyoiweka mlangoni, muulize mhudumu swali. Wale vijana wanaokaa mezani wanajua mengi na mara chache mtu huwauliza.

Hatua ya nne: panda mnara wa kengele

Hili ningemshauri hata mtu mwenye siku moja tu. Kanisa la Rockefeller, kwenye barabara ya 59, lilikamilika mwaka 1928, na katika mnara wake kuna karilioni: kengele zilizosanifiwa kila moja kwa sauti yake na kuunganishwa na kinanda kimoja. Ziko 72. Kwa jumla zina uzito wa takriban tani 100, na ile kubwa kuliko zote peke yake ina tani 18 na ushei. Zilisubuliwa Croydon, Uingereza, na kuzinduliwa mwaka 1932 kwa kumbukumbu ya Laura Spelman Rockefeller, mama yake mfadhili. Duniani, ala ya aina hiyo inayoizidi kwa uzito ni ile ya kanisa la Riverside jijini New York.

Kuna siku ambazo wageni huruhusiwa kupanda pamoja na mpigaji. Tazama ratiba ya kanisa au uliza ofisini kwao. Ngazi ni 271, nyembamba na za kuzunguka, kwa hiyo mwenye shida ya magoti, moyo au kizunguzungu abaki chini, atasikia vizuri zaidi akiwa nje. Anayepanda atafika kwenye kibanda kidogo ambamo mpigaji ameketi kwenye benchi la mbao. Mbele yake hakuna vibonye kama vya piano. Kuna safu mbili za vijiti vya mbao vilivyochongoka nje, anavipiga kwa upande wa ngumi, huku miguu ikikanyaga kanyagio za sauti nzito. Kila kijiti kimefungwa waya unaopanda hadi kwenye ulimi wa kengele. Ukiangalia mkono wake utaona kwamba anagusa kengele ndogo kwa wepesi kabisa, ila zile kubwa anazielekezea mwili mzima, bega linashuka, mguu unasukuma, na sakafu unaisikia chini ya soli zako.

Anayebaki chini asisimame mlangoni. Aende kwenye Midway, ukanda mrefu wa nyasi ulio kama mita 100 hivi kutoka mnarani, ndipo sauti za juu na za chini hukutana vizuri. Siku ya joto utakuta watu wamelala pale na vitabu vyao wakisikiliza.

Hatua ya tano: jioni za muziki, jukwaa na filamu

Kitovu cha jioni ni Logan Center, jengo la mawe lenye mnara upande wa kusini wa Midway, barabara ya 60, lililobuniwa na Tod Williams na Billie Tsien na kufunguliwa mwaka 2012. Ndani kuna ukumbi mkubwa wa muziki, kumbi ndogo za maigizo, chumba cha filamu, studio na matunzio ya picha. Siri yake iko ghorofa ya 9: chumba cha maonyesho chenye madirisha makubwa yanayotazama kampasi na, kwa mbali, majengo marefu ya katikati ya jiji. Tamasha dogo la jazi au la muziki wa chumbani likipangwa huko juu saa ya machweo, chukua tiketi kwanza kisha ndiyo uulize ni nani anapiga.

Kwenye matunzio ya chini, wanafunzi wa shahada ya uzamili ya sanaa huonyesha kazi zao za kuhitimu wakati huu wa mwaka. Hudhuria usiku wa ufunguzi. Ni bure, wasanii wenyewe wamesimama kando ya kazi zao, na wengi wana hamu kubwa ya kuzungumza na mtu asiyekuwa mwalimu wao. Swali zuri la kuanzia ni la mikono: hiki umekitengeneza vipi, kwa kitu gani, kilikuchukua muda gani. Maswali ya maana yatafuata yenyewe.

Kwa muziki, jina la kulitafuta ni UChicago Presents, mfululizo wa matamasha ya wanamuziki mashuhuri ulioanza mwaka 1943. Matamasha yake hufanyika Logan na katika ukumbi wa Mandel, barabara ya 57, uliofunguliwa mwaka 1903. Hayo yana tiketi, na mwanafunzi wa chuo chochote aulize bei yake. Lakini ukiniuliza mimi, nitakuelekeza kwanza kwenye vikundi vya chuo chenyewe: okestra ya wanafunzi, kwaya, na hasa kikundi cha muziki wa Mashariki ya Kati, chenye udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na waimbaji tele. Mtu aliyelelewa na taarabu masikioni atatambua jamaa zake mara moja, katika ala na katika namna mwimbaji anavyouvuta mstari mmoja hadi ukumbi uitikie. Viti hujaa, fika nusu saa mapema.

Kwa jukwaa kuna ngazi mbili. Court Theatre, jirani na Smart Museum, ni kampuni ya waigizaji wa kulipwa iliyoanza mwaka 1955 na kupata tuzo ya Tony ya michezo ya mikoani mwaka 2022. Ukumbi ni mdogo kiasi kwamba hakuna kiti kibaya. Kila msimu wana mchezo unaoangukia majira haya. Maonyesho ya siku za mwanzo, kabla ya usiku rasmi wa ufunguzi, huwa na tiketi za bei nafuu, na mchezo ni ule ule. Ngazi ya pili ni michezo ya wanafunzi chini ya University Theater. Hapo ubora unapanda na kushuka, nakiri, lakini tiketi ni pesa kidogo na ujasiri ni mwingi: utaona maandishi ya kale yakifanyiwa mambo ambayo kampuni yenye wadhamini haiwezi kuthubutu.

Filamu ziko Ida Noyes Hall, barabara ya 59, kwa klabu ya Doc Films. Mizizi yake inarudi hadi mwaka 1932 na inaendeshwa na wanafunzi wa kujitolea, kuanzia anayeuza tiketi hadi anayewasha mtambo. Wakati wa masomo wanaonyesha karibu kila usiku, na kila siku ya wiki ina mada yake kwa muhula mzima: Jumatatu mwongozaji mmoja, Jumanne nchi moja, na kadhalika. Tiketi haifiki bei ya sinema za kawaida za jijini, na kuna pasi ya muhula inayomlipa haraka anayekwenda mara kwa mara. Chagua siku moja ya wiki ushikamane nayo. Ukimfuata mwongozaji mmoja kwa wiki 9 utamjua kuliko ukitazama vipande huku na huku mwaka mzima.

Hatua ya sita: toka nje maua yanapofunguka

Katika Jackson Park, mashariki ya kampasi nyuma ya makumbusho ya sayansi, kuna micheri ya Kijapani zaidi ya 100. Ilianza kupandwa mwaka 2013, miaka 120 baada ya Maonyesho ya Dunia ya 1893 ambayo Japani ilijengea banda lake kwenye kisiwa cha bustani hiyo hiyo. Maua hufunguka kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei kutegemea joto la mwaka, na yakishafunguka hudumu kama wiki moja tu. Mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kuyamwaga yote. Kwa hiyo hapa kanuni ya kupanga mapema haifanyi kazi. Fuatilia habari za uchanuaji, na ukisikia yamefunguka nenda siku hiyo hiyo, asubuhi, kabla ya wapiga picha za harusi hawajafika. Vuka hadi Garden of the Phoenix, bustani ya Kijapani, na kando yake utazame petali 12 za chuma za msanii Yoko Ono, zilizosimikwa mwaka 2016.

Kutoka hapo rudi magharibi kwa kufuata Midway, ukanda wa nyasi wa urefu wa kama kilomita 1.6 unaounganisha bustani mbili kubwa. Mwaka 1893 huu ulikuwa uwanja wa burudani wa yale maonyesho, na gurudumu la kwanza la Ferris, lile kubwa la kupandisha watu angani, la urefu wa mita 80 hivi, lilisimama hapa. Ukifika mwisho wake wa magharibi utakutana na Fountain of Time ya Lorado Taft, iliyozinduliwa mwaka 1922: msafara wa watu wapatao 100 wa zege, askari, wapenzi, wazee, watoto, wote wanapita mbele ya Wakati aliyesimama ng'ambo ya bwawa. Mchongaji mwenyewe yumo kwenye msafara, upande wa nyuma, amevaa joho la kazi. Mtafute.

Wenye siku ndefu wapite pia barabara ya Ellis, kati ya 56 na 57, kwenye sanamu ya shaba ya Henry Moore. Iliwekwa tarehe 2 Desemba 1967, mahali pale pale ambapo miaka 25 kamili kabla yake wanasayansi waliwasha kwa mara ya kwanza mmenyuko wa nyuklia unaojiendesha wenyewe. Na kwenye Woodlawn na 58 ipo Robie House ya Frank Lloyd Wright, ya mwaka 1910, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2019. Ndani ni kwa kulipia ziara. Nje unaitazama bure. Mlango wa pili ni duka la vitabu la Seminary Co-op, ambako waandishi huja kuzungumza jioni bila kiingilio.

Hatua ya saba: usiishie kwenye mpaka wa kampasi

Hapa nazungumza na wanafunzi wageni hasa, ambao wiki ya kwanza huonywa wasivuke barabara fulani, wakayashika maonyo hayo hadi siku ya kuondoka. Tahadhari ya jiji kubwa ni jambo la busara: tembea mchana, pita barabara kuu, rudi na mwenzako usiku, simu mfukoni. Lakini Hyde Park imezungukwa na mitaa ya Waamerika Weusi ambayo imelipatia taifa lile muziki, fasihi na picha zisizo na kifani, na kusoma pale miaka minne bila kuifikia ni hasara.

Anza na DuSable, makumbusho ya historia ya watu weusi ndani ya Washington Park, ambayo unayafikia kwa miguu kutoka hospitali ya chuo. Ilianzishwa mwaka 1961 na kundi lililoongozwa na Margaret Burroughs, msanii na mwalimu, katika nyumba yake mwenyewe. Kisha upande wa pili wa bustani, kwenye Garfield jirani na kituo cha njia ya kijani, chuo chenyewe kimefungua Arts Incubator mwaka 2013 na ukumbi wa Green Line Performing Arts Center mwaka 2018, ambako wasanii wa South Side, yaani upande wa kusini wa jiji, huonyesha kazi mpya, mara nyingi bure. Kaskazini mashariki, barabara ya Cornell, ipo Hyde Park Art Center ya tangu 1939, bure pia, na ina madarasa ya ufinyanzi na uchoraji kwa anayetaka kuchafua mikono.

Halafu kuna Stony Island Arts Bank, kusini, karibu na barabara ya 68. Benki hii ya mwaka 1923 ilikuwa gofu linalosubiri kubomolewa hadi Theaster Gates, msanii na profesa wa chuo hicho hicho, alipoinunua kwa jiji kwa dola 1 na kuifungua mwaka 2015. Ndani kuna maktaba ya kampuni iliyokuwa ikichapisha majarida ya Waamerika Weusi ya Ebony na Jet, rafu zimepanda hadi darini, na santuri za Frankie Knuckles, aliyeutoa muziki wa house katika vilabu vya Chicago. Angalia saa zao kwanza, kwa kuwa hawafungui kila siku.

Hatua ya nane: Mei, fuata kelele za wanafunzi

Mwezi wa Mei usishangae ukikuta kijana aliyevaa vazi la maboksi anakimbia na bata wa plastiki. Hiyo ni Scav, msako wa vitu ulioanza mwaka 1987. Waandaaji hutoa orodha ya mamia ya vitu vya kutafuta, kujenga au kuigiza, na timu zina siku nne kasoro kuvikamilisha. Mwaka 1999 orodha ilidai mtambo wa nyuklia, na wanafunzi wawili wa fizikia wakaujenga kweli, mdogo, bwenini. Siku ya kuhukumiwa, ambayo huwa Jumapili, vitu vyote hupangwa mbele ya waamuzi, na kwangu hayo ni maonyesho ya sanaa kamili: mashine za kadibodi, nguo za magazeti, nyimbo zilizotungwa usiku uliopita. Pita uangalie, usiwazuie njia.

Wakati huo huo vikundi vya wanafunzi wa asili mbalimbali hufanya maonyesho yao ya ngoma na mavazi. Hapa njia bora ya kupata habari ni mtu. Kama humjui mwanafunzi yeyote, anzia International House, barabara ya 59, hosteli ya wanafunzi wa mataifa iliyofunguliwa mwaka 1932, ambayo huandaa matamasha na mihadhara iliyo wazi kwa umma. Hudhuria mojawapo, salimia watu. Kiswahili kinafundishwa pale chuoni, na mtu wa kwetu hakosekani.

Hatua ya tisa: funga msimu mtaani

Wikiendi ya kwanza ya Juni, masomo yakiwa yameisha, barabara ya 57 hufungwa magari kwa ajili ya 57th Street Art Fair, soko la sanaa linalofanyika tangu mwaka 1948. Kuingia ni bure. Wasanii huchaguliwa na jopo, kila mmoja ana hema lake: ufinyanzi, vito, picha, mbao, nguo. Mwenye pesa kidogo aende Jumapili alasiri, aanze na wafinyanzi. Kikombe kimoja kilichotengenezwa kwa mkono hakiwashindi wengi, na utazungumza na aliyekifinyanga. Usiombe kupunguziwa kwa vikubwa ukiwa na nia ya kutonunua. Chukua kadi ya msanii, utamrudia.

Siku hizo hizo za mwanzo wa Juni ndizo za mahafali, kwa hiyo vyumba vya wageni hujaa na meza za mikahawa hazipatikani. Mgeni anayelala afanye mipango miezi kabla. Baada ya hapo Doc hupunguza filamu, Mandel hufunga milango, wanafunzi hutawanyika. Smart na ISAC huendelea majira yote ya joto. Matamasha yatarudi mwishoni mwa Septemba, yakitanguliwa na Hyde Park Jazz Festival kwenye Midway na kumbi za jirani, ambako anayejiweza huombwa mchango tu. Iandike kwenye kalenda yako ile ile uliyoifungua mwezi wa Machi.